Pikipiki Kuukuu Ikikataa Resi ya Chini: Chanzo na Tiba



Katika jarida la chama chetu aghalabu tunasoma mashairi, ngano na insha za methali. Mimi mwaka huu nimeonelea niandike juu ya chuma. Kiswahili si lugha ya malenga peke yao, ni lugha ya gereji pia. Fundi akikueleza jambo kwa Kiswahili ukalielewa vizuri, umeokoa pesa zako na pengine umeokoa shingo yako.

Nitaeleza ugonjwa mmoja tu wa pikipiki kuukuu za mipigo miwili, nao ni ule wa kukataa resi ya chini. Resi ya chini ni ule mngurumo ambao injini hukaa nao ukiwa umeachilia mafuta kabisa, umesimama, lakini hutaki izime. Kwa pikipiki ndogo nyingi ni kama mizunguko 1300 kwa dakika. Pikipiki yenye afya hunguruma hapo ikitulia kama mtu anayengoja matatu bila haraka. Iliyo mgonjwa hufanya moja kati ya mambo mawili: ama huzima kila ukiachilia mafuta, ama hupiga kelele yenyewe kana kwamba kuna jini limeshika mkono wa mafuta.

PIKIPIKI ZENYEWE

Siku hizi ukienda kwenye steji yoyote hapa Mwatate utaona boda boda nyingi ni za mipigo minne kutoka India na Uchina. Hizo zina oili yao chini kwenye injini, na petroli yao ni petroli tupu. Lakini bado zipo zile za zamani za kutoa moshi wa buluu, hasa Yamaha DT na AG100. Kampuni ya Yamaha Motor ilianzishwa Japani mwaka 1955, na pikipiki yake ya kwanza, YA-1, ilikuwa ya mipigo miwili. Mwaka 1964 ikaleta pampu ya oili iitwayo Autolube, ili mwendeshaji asihangaike kuchanganya oili na petroli kwa mkono. Mwaka 1968 ikatoa DT-1, pikipiki ya njia mbovu, na jamii nzima ya DT tunazozijua imetoka kwa huyo babu yao.

Huku kwetu pikipiki za aina hii zilipendwa na maafisa wa kilimo na mifugo, watu wa misheni na wahudumu wa afya, kwa sababu ni nyepesi, ziko juu ya mawe, na injini yake haina vitu vingi vya kuharibika. Wenyewe walipozichoka ziliuzwa, zikauzwa tena, na leo utazikuta zikibeba maji na unga kwenda machimbo ya vito upande wa Kamtonga, au zikipanda vichochoro vya milimani ambako boda mpya hulia ngwe! zikakwama.

Shida ni kwamba vijana wengi wanaojifunza ufundi sasa wamejifunzia injini ya mipigo minne. Wakiletewa ya mipigo miwili huitibu kwa dawa ya jirani. Ndiyo sababu nikaona heri tuelewe wenyewe.

JINSI INAVYOPUMUA

Injini ya mipigo minne hufyonza, hubana, huchoma na kutoa moshi kwa mipigo minne ya pistoni, yaani mizunguko miwili ya krenki. Ya mipigo miwili humaliza kazi hiyo yote kwa mzunguko mmoja. Haina valvu juu ya silinda. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka.

Sasa sikiliza jambo ambalo ukilishika, mengine yote yatakuwa rahisi. Katika injini hii, hewa na petroli haziendi moja kwa moja juu ya pistoni. Kwanza huingia CHINI yake, katika chumba cha krenki. Pistoni ikishuka hukibana kile chumba, mchanganyiko ukasukumwa kupitia njia za pembeni hadi juu, ukachomwa. Aliyebuni mpango huu wa kutumia chumba cha krenki kama pampu alikuwa Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, mwishoni mwa karne ya 19.

Basi ikiwa chumba cha krenki ni pampu, hakina budi kutopitisha hewa. Kikiwa na ufa, hata kama ni mdogo kama unywele, hewa isiyopitia kwenye kabureta itaingia. Tena oili inayolainisha pistoni na beringi husafiri pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na hewa ikizidi, moto wa ndani huzidi kuwa mkali. Weka jambo hili akilini, nitalirudia.

Sasa kabureta. Wenzangu wa Kidato cha Pili mnaosoma mada ya mtiririko wa maji na hewa katika Fizikia mnajua kwamba hewa ikipita mbio mahali pembamba, msukumo wake hupungua. Shingo ya kabureta ni mahali pembamba. Hewa ikipita hapo, msukumo wa hewa ya nje iliyo kwenye kikombe cha petroli husukuma petroli ipande kupitia kitundu kiitwacho jeti, ikarushwa kama manyunyu. Juu ya jeti hiyo kuna kizibo kinachopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachilia, na katikati ya kizibo ina sindano.

Lakini ukiachilia mafuta kabisa, kizibo karibu kinafunga. Hewa inayopita juu ya jeti kubwa ni haba, haiwezi kuvuta kitu. Hapo kabureta ina njia yake ya siri: jeti ndogo. Jeti hii hupeleka petroli kidogo sana, ikachanganyika na hewa inayopimwa na skrubu ya hewa, ikatokea kwenye kitundu kilicho upande wa injini. Resi ya chini inategemea njia hiyo nyembamba peke yake. Tundu la jeti ndogo ni jembamba kuliko sindano ya kushonea, kwa hivyo chembe moja ya uchafu inatosha kuliziba.

Ndiyo maana unaweza kuona pikipiki inayokimbia vizuri kabisa barabarani, lakini ikifika njia panda huzima. Jeti kubwa ni nzima, ndogo imezibwa. Mtu asiyejua atasema, "Ah, injini imechoka," kumbe injini haina kosa.

UFA UNAOFICHWA NA SKRUBU

Kuna skrubu mbili nje ya kabureta, na watu huzichanganya. Moja ni skrubu ya resi, ambayo huinua kizibo kidogo ili kisifunge kabisa. Ya pili ni skrubu ya hewa niliyoitaja. Ya resi kwa kawaida ni kubwa zaidi na ina springi, nayo hugusa kizibo chenyewe. Ya hewa hukaa kwenye kitundu kidogo kando.

Dawa ya haraka ya fundi mvivu ni kukaza skrubu ya resi. Pikipiki inazima? Kaza. Bado inazima? Kaza tena. Mwishowe inanguruma, mwenyewe analipa, wanaagana. Lakini ugonjwa haujaondoka, umefunikwa blanketi tu.

Nasema hivi kwa sababu jambo hili lilitufika nyumbani. Mjomba wangu ana DT ya zamani anayoitumia kupeleka bidhaa milimani. Mwaka 2023 ilianza kuzima kila akiachilia mafuta. Fundi mmoja akaikaza skrubu ya resi, ikatulia, mjomba akafurahi. Baada ya siku chache akiwa anateremka kutoka Wundanyi, kwenye zile kona, injini ilikamata. Gurudumu la nyuma likasimama ghafla, pikipiki ikamtupa kando ya barabara. Alivunjika mtulinga. Ni bahati hakukuwa na lori nyuma yake. Kwa muda wa miezi miwili hakufanya kazi, na karo ya binamu zangu wawili ilichelewa muhula mzima.

Injini ilipofunguliwa ilionekana kwamba ule mpira wa shingo, unaounganisha kabureta na silinda, ulikuwa na ufa upande wa chini usioonekana kwa kuinama kidogo. Hewa ilikuwa ikiingilia hapo. Ndiyo iliyofanya injini kuzima, na ndiyo iliyoikausha oili. Kuteremka ndiko kulikomalizia: ukishuka mlima umeachilia mafuta, magurudumu huzungusha injini mbio ilhali petroli na oili zinazoingia ni haba. Bei ya mpira ule haikufika hata bei ya kupigwa eksirei hospitalini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine ukuta wenyewe ni mfupa wa mtu.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, tunapozungumza juu ya resi ya chini hatuzungumzi juu ya kelele tu. Resi ya chini ni kama homa kwa mtoto: homa yenyewe si ugonjwa, ni habari ya ugonjwa.

TUTAFUTE CHANZO

Kanuni ya kwanza: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja pikipiki ikapona, hutajua ni kipi kilichokuwa kibaya, na ikizidi kuugua hutajua ni kipi ulichoharibu. Kanuni ya pili: anza na kilicho rahisi na cha bei ya chini. Kanuni ya tatu: petroli haina mchezo. Usiwashe kibiriti wala kibatari karibu, fanya kazi nje penye hewa, na usiache injini ikinguruma ndani ya nyumba kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu.

1. Petroli. Ondoa kikombe cha kabureta na umwage kilichomo kwenye kifuniko safi cheupe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona yamekaa chini kama shanga. Ukiona vumbi jekundu au kutu, safisha tanki na chujio la mfereji wake kabla ya kugusa kitu kingine. Jambo la pili ni mafuta ya taa. Tabia ya kuchanganya petroli na mafuta ya taa ilikithiri hapa Kenya hata serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuizima faida ya wachanganyaji. Jaribio ni rahisi: tonesha petroli kwenye karatasi nyeupe uiache ikauke. Petroli safi huondoka bila alama, yenye mafuta ya taa huacha doa. Ila fanya jaribio hili kabla ya kutia oili, maana oili nayo huacha doa.

2. Oili. Kama pampu ya oili ilishaondolewa, lazima uchanganye kwa mkono. Kwa kipimo cha 1 kwa 25, lita 1 ya petroli hutiwa mililita 40 za oili ya mipigo miwili. Kwa 1 kwa 20 ni mililita 50. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Oili ikizidi plagi itakuwa nyeusi na yenye majimaji, na resi ya chini itayumba. Ikipungua umekaribisha balaa. Wapo wanaokisia kwa kifuniko cha soda. Kisio si kipimo.

3. Plagi. Ifungue uitazame. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni afya. Nyeusi yenye unyevu maana yake petroli au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Nyeupe kama chokaa maana yake hewa imezidi: acha kuendesha kwanza, tafuta ufa. Pengo la plagi kwa pikipiki hizi huwa kama milimita 0.6 hadi 0.7. Ukiwa na plagi nyingine unayojua ni nzima, ibadilishe ujaribu kabla hujaisingizia kabureta. Zile zenye pointi, zisafishe pia, kwani cheche dhaifu huonekana zaidi kwenye resi ya chini.

4. Ea klina. Huku kwetu vumbi jekundu huingia hata ndani ya sufuria zilizofunikwa, sembuse pikipiki. Sponji ikijaa vumbi, hewa hupungua, petroli huonekana imezidi. Ioshe kwa maji ya sabuni, uikamue bila kuisokota, ikauke kabisa, kisha uipake oili kidogo. Wengine huiondoa kabisa ili pikipiki "ipumue". Hao wanasaga pistoni yao kwa mchanga.

5. Choki. Hakikisha inarudi mahali pake. Katika kabureta nyingi za Mikuni, choki ni njia nyingine ya petroli inayofunguliwa na kijiti. Mpira wa chini ya kijiti hicho ukichakaa, petroli hupita siku nzima. Pikipiki itawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, lakini ikipata moto itakabwa na kuzima.

6. Kebo ya mafuta. Injini ikinguruma, geuza usukani kulia, kisha kushoto. Resi ikipanda, kebo imekazwa mno au imepitishwa vibaya. Lazima mkono wa mafuta uwe na ulegevu wa kama milimita 2 au 3 kabla haujaanza kuvuta. Pia fungua uone kizibo kinashuka chenyewe, "tak!", ukiachilia. Kizibo kinachokwama ni hatari kuliko breki mbovu.

7. Mpira wa shingo na gasketi. Hapa ndipo penye uhai. Ondoa mpira, uukunje kwa vidole pande zote ukiutazama juani. Jua la Voi na Mwatate hukausha mpira hadi ukapasuka kama nyayo za mchungaji. Ukiwa bado umefungwa na injini inanguruma, paka grisi nzito pembeni mwa viungo, kimoja baada ya kingine, au nyunyiza maji ya sabuni. Mngurumo ukibadilika ulipopaka mahali fulani, umekipata kidonda. Usinyunyize petroli kama nilivyoona wengine wakifanya. Injini ya moto na petroli si marafiki.

8. Jeti ndogo. Ifungue kwa bisibisi inayoenea sawasawa, maana shaba yake ni laini. Itazame mbinguni: lazima uone mwanga wa duara. Isafishe kwa petroli safi na uipulize kwa pampu ya baiskeli. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki waweza kupita bila kudhuru. Usitumie waya wa chuma! Waya hupanua tundu, na tundu likipanuka hakuna skrubu itakayolirudisha. Puliza pia njia zote ndogo ndani ya kabureta, hasa ile ya skrubu ya hewa.

9. Boya. Ndani ya kikombe kuna boya linalofunga petroli kikombe kikijaa, kama lile la tangi la choo cha kuvuta maji. Petroli ikitiririka chini ya kabureta, au pikipiki ikiwa na harufu ya petroli ikisimama, kuna uchafu kwenye sindano ya boya au boya limetoboka. Litikise karibu na sikio. Ukisikia maji ndani, limekunywa.

10. Valvu ya ndimi. Kati ya kabureta na injini, kwa nyingi za DT za kuanzia miaka ya 1970, kuna ndimi nyembamba zinazoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi. Zitoe uzielekeze kwenye mwanga. Zikiwa zimepinda au zimekatika ncha, mchanganyiko hurudi nyuma, kabureta hutema petroli kuelekea ea klina, na resi ya chini haitulii.

11. Sili za krenki. Ziko mbili, moja kila upande. Ya upande wa magineto ikichakaa, hewa huingia, na resi hupanda yenyewe bila mpango. Fungua kifuniko, ukikuta majimaji yenye harufu ya petroli humo, ndiyo hiyo. Ya upande wa klachi ikichakaa, injini hufyonza oili ya giabox: moshi mweupe mzito, plagi kulowa kila mara, na oili ya gia kupungua ilhali chini hakuna tone. Ukikuta dalili hizi acha kuhangaika na kabureta, tafuta fundi wa kufungua injini.

KUTEGA SKRUBU

Hapo sasa, na si kabla, ndipo unashika bisibisi ya kutega. Endesha pikipiki kilomita 2 au 3 ipate moto. Izime. Kaza skrubu ya hewa polepole mpaka iguse, usiibane, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, na utumie skrubu ya resi kuifanya ingurume juu kidogo ya kawaida.

Sasa zungusha skrubu ya hewa robo mzunguko, ungoje, usikilize. Robo tena. Utafika mahali injini inaponguruma kwa kasi zaidi na kwa utulivu. Iache hapo. Kisha legeza skrubu ya resi hadi mngurumo ushuke kwenye kiwango chake. Rudia mara moja zaidi.

Angalia jambo hili: skrubu ya hewa iliyo upande wa ea klina hupima hewa, kwa hivyo kuikaza huongeza nguvu ya petroli na kuifungua huongeza hewa. Lakini kuna kabureta ambazo skrubu hiyo iko upande wa injini. Hizo hupima petroli, na mambo huwa kinyume. Tazama iko wapi kabla ya kuzungusha.

Skrubu yenyewe itakupa habari. Ikiwa injini inatulia tu ukiikaza karibu yote, chini ya nusu mzunguko, basi petroli ni haba: jeti ndogo bado chafu au kuna ufa. Ikitulia tu ukiifungua kupita mizunguko miwili na nusu, petroli imezidi: choki inavuja, boya liko juu, au kuna mtu alishapitisha waya.

Jaribio la mwisho: vuta mafuta kidogo halafu uachilie ghafla. Mngurumo ukikawia kushuka, ukaning'inia juu, hewa imezidi. Ukishuka chini mno ukataka kuzima kisha ukapanda, petroli imezidi. Ukishuka mara moja na kutulia, mambo ni sawa.

MLIMA NAO UNA MANENO YAKE

Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, na Wundanyi karibu mita 1400. Kila ukipanda mita 100 hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 1. Yaani kutoka Voi hadi Wundanyi hewa imepungua kama asilimia 8, lakini jeti ni ile ile. Kwa hivyo pikipiki iliyotegwa Voi ikifika Wundanyi huwa imezidiwa na petroli, hunguruma kwa uzito na moshi. Hilo halina madhara makubwa. Hatari ni kinyume chake: pikipiki iliyotegwa vizuri juu milimani, ikashushwa tambarare, itakuwa na hewa nyingi kuliko petroli. Kwa watu wa huku wanaopanda na kushuka kila siku, heri kutega hapa chini Mwatate, na kuvumilia moshi kidogo huko juu.

Na ukiteremka mlima mrefu na pikipiki ya mipigo miwili, usiachilie mafuta moja kwa moja hadi chini. Kila baada ya muda mfupi vuta klachi, upige resi kidogo, ili oili ifike kwenye pistoni.

MWISHO

Ndugu zangu, nimeandika mengi lakini yote yana mzizi mmoja. Injini ikikataa resi ya chini inasema kitu. Kukaza skrubu ya resi ni kuiziba mdomo. Mwulize fundi wako swali moja tu kabla hajashika bisibisi: "Umeutazama mpira wa shingo?" Fundi mwema hatakasirika, kwani kuuliza si ujinga. Na ukimwona mzee wako akiondoka na pikipiki inayopiga kelele yenyewe, mwambie kwa adabu asubiri kidogo.

Kwa walimu wetu wapendwa, naomba siku moja tulete kabureta kuukuu kwenye darasa la Fizikia, tuifungue mezani, kisha tuielezee kwa Kiswahili katika mkutano wa chama. Maneno kama boya, sindano, kizibo na ndimi yamo katika lugha yetu tangu zamani, yangojea tu kupewa kazi mpya.

Wasalaam,
Mwanachama, Kidato cha Tatu